Kura Yangu Dhidi ya Mdakaji

Siku aliyokuja mara ya kwanza hakunisalimu. Alisimama nyuma ya uzio wa waya, abaya yake imejaa vumbi upindoni, akatutazama tukicheza karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ya goti langu bovu, napiga makelele. Mpira ukamponyoka mdakaji wetu kwa mara ya nne au ya tano, nami nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu wa kunielewa, "Jamani, huyu ana mikono au ana vijiko?"

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Shida si mikono, Mwalimu. Huyo anafunga macho."

Nikageuka. Alikuwa Mkenya, mwembamba, wa miaka kama ishirini na saba. Aliletwa na mwenzake aliyekuwa akisafisha kwa mmoja wa wachezaji wetu. Nikamuuliza kama aliwahi kucheza. Akasema alidaka miaka minne katika shule ya wasichana huko kwao Ukambani, na kwamba akipewa glavu ataonyesha. Tukampa glavu. Tangu Ijumaa ile hatukuwa na mdakaji mwingine.

Timu yetu ya Jeddah ilikuwa ya wanawake watupu: wauguzi wa Kifilipino, walimu wa shule za kimataifa, wasichana wachache wa Kisaudi wa chuo kikuu, na mimi, niliyezaliwa mtaa wa Ruwais huko huko Jeddah kwa wazee waliotoka Unguja baada ya mapinduzi. Nafundisha michezo katika shule ya wasichana. Wajuzi wanasema tulichokuwa tukicheza ni softiboli, kwa kuwa mpira wake ni mkubwa kidogo na hurushwa kwa mkono wa chini, lakini sisi tuliiita besiboli, nami nitaendelea kuiita hivyo. Mrushaji anarusha, mpigaji wa timu ya pili anasubiri na gongo lake. Akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake inapata alama. Mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kinyago cha chuma na ngao ya kifua, anaupokea kila mpira usiopigwa. Watu hawamtazami. Lakini ni yeye peke yake anayeuona uwanja wote kwa mbele, na ni yeye anayemwambia mrushaji, kwa vidole, arushe vipi.

Huyu wetu aliwaambia wote. Kwa Kiingereza chake cha shule, kwa Kiarabu chake cha jikoni, na akikasirika kwa Kikamba. Muuguzi mmoja mrushaji, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akirusha kama anayetupa taka, alianza kurusha kwa akili. Tukaanza kushinda.

Baada ya kama mwezi alinieleza habari zake. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari langu, kiyoyozi kinavuma, nampeleka Ghulail alikopanga chumba na wanawake wengine wawili wa kwao. Akaniambia kwamba hakuja Jeddah moja kwa moja. Alifika kwanza Riyadh, akafanya kazi za ndani kwa familia moja karibu miaka miwili. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alimnyang'anya pasipoti siku ya kwanza. Mlango wa nje ulifungwa kwa ufunguo kila bosi na madam walipotoka, naye akabaki ndani, awe mgonjwa, awe na njaa, na simu isiyo na salio. Siku moja lori la maji lilikuja, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya bomba, naye akatoka na ndara miguuni.

"Nilitembea tu, Mwalimu. Sikukimbia. Mtu akikimbia wanamtazama."

Kafili akaenda kumwandikisha hurubu, yaani mfanyakazi aliyetoroka. Tangu hapo ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikafa. Alikuwa akisafisha nyumba za mtaa wa Al-Rawdah kwa siku, leo hapa kesho pale, na akiona gari la polisi anaingia duka lolote lililo karibu na kuuliza bei ya kitu. Akikamatwa ni kizuizini, kisha kurudishwa kwao.

"Nani mwingine kwenye timu anajua?" nikamuuliza.

"Wewe tu. Na usiniangalie hivyo. Mimi si mgonjwa."

Nikaifunga siri hiyo, na sitasema uongo, ilinielemea. Kila Ijumaa nilihesabu magari yaliyoegeshwa karibu na uwanja. Nyumbani mama yangu aliniona situlii, akanibana mpaka nikamweleza. Akaacha kukunja nguo akaniangalia. "Mwanangu, sisi hapa tumekaa miaka yote hii kwa kutogombana na mtu. Ukikamatwa naye garini utasema nini?" Nikamwambia hatutakamatwa.

Ndipo ikaja barua kutoka Riyadh. Mwenye maduka ya vifaa vya michezo, Msaudi aliyeupenda mchezo huu tangu alipokuwa mwanafunzi ng'ambo, aliandaa mashindano ya timu nne za wanawake, Ijumaa moja ya majira ya baridi, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kulikuwa na kombe la timu na zawadi moja ya mtu: mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. Picha yake, barua ilisema, itabandikwa katika madirisha ya maduka yote ya Riyadh na Jeddah.

Nilimwambia mdakaji abaki. Nilimwambia tukiwa wawili, kwa upole, kwamba ni mwendo wa zaidi ya saa tisa barabarani, kuna vizuizi vya polisi, na kule mwisho wa safari uko mji wenyewe aliokimbia.

Akacheka. "Riyadh ni kubwa. Yeye anafikiri niko Kenya au nimekufa. Mimi naenda kucheza."

"Na wakituuliza ikama njiani?"

"Wataniuliza mimi, si wewe."

Tukaenda. Alhamisi, mara baada ya sala ya alfajiri, gari langu na mengine mawili. Yeye alikaa mbele pembeni yangu, wauguzi wawili nyuma, na buti limejaa magongo, glavu na zile nguo zake za chuma. Mpaka Taif tulikuwa tunaimba. Baada ya hapo jangwa likatandaa, nami nikaanza kuona kila kibanda cha mbali kama kizuizi.

Kizuizi chenyewe kilitukuta mchana. Askari kijana, miwani myeusi, akainama dirishani. Nikampa leseni na kitambulisho changu. Akatazama nyuma. "Na hawa?"

"Timu ya michezo," nikasema.

"Michezo gani? Fungua nyuma."

Nikashuka. Nikafungua buti. Akaona magongo sita yamelala pamoja, na uso wake ukabadilika. Akaokota moja, akalipima uzito. "Hizi fimbo za nini? Mnakwenda kumpiga nani?" Kisha akaivuta ile ngao ya kifua na kinyago, akaviinua juu. "Na hii? Hii ya vita?"

Nikasikia mlango wa gari unafunguka. Mdakaji wetu akaja moja kwa moja hadi pale buti, akachukua kinyago mkononi mwa askari kama mtu anayechukua kikapu chake sokoni, akakivaa, akachuchumaa kwenye lami kando ya barabara kuu, glavu mbele. "Yalla," akamwambia askari kwa Kiarabu. "Rusha."

Askari akabaki ameduwaa. Mwenzake kibandani akaanza kucheka. Askari akaangalia huku na huku, akachukua mpira mmoja, akaurusha, tena kwa nguvu. Ukaingia katika glavu kwa mlio. Akacheka, akataka arushe tena, akarusha mara tatu. Magari yakawa yamepanga foleni nyuma yetu, watu wanapiga honi. Akanirudishia kitambulisho changu, akatuambia twende, na Mungu atujaalie tushinde. Hakuna aliyeulizwa ikama.

Tulipofika mbali kidogo niliegesha pembeni. Wauguzi nyuma walikuwa wanacheka mpaka machozi, wao walidhani ni mzaha tu. Mimi nilimwambia kwa Kiswahili, "Umerukwa na akili?"

"Akiangalia kinyago haangalii uso," akasema. Lakini nilimwona akijifuta viganja vyake kwenye abaya, mara nyingi, kama mtu aliyeshika mafuta.

Tuliingia Riyadh jioni ile. Tulipopita barabara moja pana yenye maduka alinigusa mkono. "Hapo," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Hapo ndipo madam alikuwa ananileta kubeba mizigo." Katikati ya maduka yale lilikuwamo duka la michezo, na juu ya mlango jina lile lile lililokuwa kwenye barua yetu. Nililiona, nikaona na kioo chake kikubwa cha mbele, mahali pa kubandika picha. Sikumwambia kitu. Usiku ule nilikuwa na picha hiyo kichwani tayari imebandikwa: uso wake, mkubwa kama mlango.

Ijumaa tulicheza. Mechi ya kwanza tulishinda kwa urahisi, na fainali tukakutana na Riyadh yenyewe. Walikuwa na mpigaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, binti wa Kisaudi mrefu mwenye mabega mapana; nimeona wanawake wengi wakishika gongo lakini sijaona kama yeye. Kila alipoingia uwanja mzima ulisimama. Asubuhi alikuwa ameshaupeleka mpira nje ya uzio mara mbili, na katika fainali akaupeleka tena, zamu yake ya kwanza tu.

Mdakaji wetu akaomba mchezo usimame kidogo, akaenda kwa mrushaji, wakanong'onezana. Tangu hapo yule binti hakupata tena mpira wa kupiga. Kila mara mrushaji alirusha pale ambapo mdakaji alitaka, chini, pembeni, karibu sana na mwili, na yule binti akabaki anakata hewa. Wachezaji watatu wa Riyadh walijaribu kuiba kituo, yaani kukimbia kabla mpira haujapigwa, na wote watatu walikuta mpira umefika kabla yao. Mdakaji wetu alikuwa akirusha akiwa bado amechuchumaa. Mwishoni tulishindwa kwa alama moja, kosa la mchezaji wetu wa nyuma uwanjani aliyeteleza, kosa lisilokuwa la mtu. Lakini watu walipiga makofi kama sisi ndio tulioshinda, na nikasikia Riyadh wenyewe wakiulizana yule mwenye kinyago ni nani.

Roho yangu ikashuka.

Waamuzi wa ile zawadi tulikuwa watatu: mwenye maduka, kocha wa Riyadh, na mimi kwa niaba ya timu za wageni. Tulikaa katika ofisi ndogo ya uwanja, meza ya chuma, birika la kahawa, na tende. Nje walishaanza kupanga meza ya kombe. Kocha wa Riyadh alikuwa muuguzi mkuu wa Kifilipino, mama wa makamo, nywele fupi, asiye na maneno mengi. Tulizungumza Kiarabu na Kiingereza kwa kuchanganya, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Mwenye maduka alianza, akitabasamu. "Nadhani kazi yetu ni nyepesi. Binti yetu mpigaji. Mpira umetoka nje mara tatu leo. Nani mwingine amefanya hivyo?"

Nikashusha pumzi. Nikafikiri imekwisha.

Kocha wa Riyadh akaweka kikombe chini. "Mimi nasema mdakaji wa Jeddah."

"Lakini yule mpigaji ni wako!" mwenye maduka akastaajabu.

"Ni wangu, na ni bora kuliko wote hapa. Hilo sibishi. Lakini wewe hukuandika zawadi ya mchezaji bora. Umeandika mwenye thamani. Mtoe mpigaji wangu katika timu yangu, tunafika fainali vilevile, nina wapigaji wengine wazuri. Mtoe mdakaji wao, hawa wanarudi Jeddah saa nne asubuhi."

"Zawadi huenda kwa anayewasimamisha watu vitini."

"Huyo mpe kombe la kusimamisha watu."

Mwenye maduka akacheka, lakini hakukubali. Wakaanza kubishana kweli, kwa adabu lakini bila kupeana nafasi. Yeye anasema mpigaji anaweza kuugeuza mchezo kwa pigo moja. Kocha anasema mdakaji anaugeuza kwa kila mpira, mia moja, mia mbili, na hakuna anayeona. Yeye anasema timu ya mdakaji imeshindwa. Kocha anasema imeshindwa kwa alama moja na timu ambayo ingewafunga kumi. Mwenye maduka akakuna ndevu, akanigeukia.

"Basi tumegawanyika. Mwalimu wa Jeddah aseme. Ingawa," akaongeza huku akitabasamu, "tunajua atasemaje."

Kilichonipita kichwani ni kile kioo cha duka. Nilimwona kafili nisiyemjua, mtu wa kanzu nyeupe, anashuka garini na madam wake, anainua macho. Niliwaza niseme apewe zawadi lakini picha yake isibandikwe, nikajijibu mwenyewe haraka: wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, nimemtaja. Nikikataa kusema, wataanza kutafuta.

"Mpigaji," nikasema.

Kocha wa Riyadh akaniangalia kama aliyesikia vibaya. "Nani?"

"Mpigaji wenu. Timu yetu imeshindwa. Zawadi iende kwa walioshinda."

"Asubuhi," akasema polepole, "umesimama pale na mimi ukaniambia mdakaji huyu ndiye timu yako nzima. Maneno yako."

"Nilikuwa namsifu tu mchezaji wangu."

"Na sasa si mchezaji wako?"

"Amekosea mara mbili leo," nikasema. Ulikuwa uongo. Hakukosea hata mara moja, na yule mama alijua hivyo, kwa sababu alikuwa ameutazama kila mpira. Mwenye maduka alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na yeye, kama asiyejua amekaa kwenye kikao gani.

"Mna ugomvi?" kocha akaniuliza. "Amekufanyia nini?"

"Mafi," nikasema kwa Kiarabu. "Hakuna. Hiyo ndiyo kura yangu."

Akainuka. Alipopita karibu yangu alisema kwa Kiingereza, si kwa sauti kubwa, kwamba katika miaka yake yote ya mchezo hajaona mtu akimuuza wa kwake kwa bei rahisi vile. Kisha akatoka.

Walimtangaza yule binti. Makofi, vigelegele, wenzake wakamrukia. Mpiga picha akaja na kamera yake kubwa, akamwomba asogee penye mwanga. Binti akamwambia neno moja, kwa kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai yake haitaki sukari: "Bila uso."

Mpiga picha akaitikia, tayari, hakuna tatizo. Akamsogeza, akapiga picha ya mikono yake miwili imeshika zawadi na gongo, toka kifuani kushuka chini. Mwenye maduka akaiangalia kwenye kioo cha kamera na kusema imetoka nzuri sana. Yakaisha.

Mimi nimezaliwa nchi ile. Nusu ya marafiki zangu wa shule hawana picha moja ya uso wao nje ya albamu za nyumbani. Harusi ngapi nimeacha simu yangu mlangoni. Hakuna anayemuuliza mwanamke wa pale kwa nini hataki kupigwa picha. Jambo hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na katika ofisi ile halikunijia. Nilisimama pale kwenye jua la alasiri, nimeshika chupa ya maji.

Mdakaji alikuwa upande wa pili, ameketi chini akivua ngao za miguu. Kocha wa Riyadh alikuwa ameinama karibu yake, mkono begani, anamwambia jambo. Kisha wote wawili wakaniangalia.

Kurudi Jumamosi hakukaa mbele. Alimpa muuguzi kiti chake. Saa tano nzima alitazama dirishani, nami namwona kwenye kioo cha katikati. Tulipofika kituo cha mafuta, wauguzi wakaenda dukani, nikaenda upande wake wa gari nikafungua mlango.

"Nilikuwa nakulinda," nikamwambia. "Lile duka uliloonyesha, ndilo lenyewe. Picha ingewekwa pale."

"Najua lilikuwa lenyewe. Mimi nasoma, Mwalimu."

"Basi ulikuwa unataka nini?"

"Kuulizwa." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nje hapo, hatua ishirini. Ungefungua mlango uniite kando uniulize: dada, ukishinda picha tunafanyaje? Ningekwambia, nitasema sitaki picha. Hapa nani anashangaa mwanamke akikataa picha? Nilikuwa nimeshapanga kitambo, tangu Jeddah. Kila siku mimi napanga. Natoka vipi, naingia wapi, nikiulizwa nasema nini. Unafikiri hiyo miaka yote nimeishi kwa bahati?"

Nikasema nilipaniki. Nikasema niliogopa.

"Kuogopa si vibaya. Lakini ulimwambia yule mama nimekosea mara mbili. Nilikosea wapi?"

Nikageuka kutazama dukani, waliko wauguzi.

"Nitajie hata mara moja."

"Hukukosea," nikasema.

"Haya basi." Akavuta mlango akaufunga, taratibu, na mimi nimesimama nje.

Aliendelea kuja Ijumaa. Nilidhani hataonekana tena, lakini alikuja, akavaa, akachuchumaa, akadaka. Kwangu alikuwa na salamu na halas, basi. Hakukubali tena kupanda gari langu. Alikwenda Ghulail na mtu mwingine. Wenzetu walijua kwamba nilimpigia kura mpigaji wa Riyadh, kwa kuwa habari kama hizo zina miguu, na baadhi yao waliacha kunichekea. Sikuweza kujitetea. Kujitetea kungekuwa ni kumtaja, na mara hii angalau nilijua kwamba hilo silo la kuamua mimi.

Miezi saba ikapita hivyo. Kisha akapata njia ya kutoka. Watu wa ubalozi wao walimsaidia, akaenda kujiandikisha mwenyewe, akapata karatasi za kusafiri badala ya pasipoti iliyobaki kwa kafili, na ruhusa ya kutoka nchini. Ilimchukua wiki nyingi za kungoja, na mimi nilizisikia kwa watu. Alipokwisha kupata tarehe ya ndege alikuja kucheza Ijumaa ya mwisho, na kabla ya kuanza nilimfuata.

"Naomba nikuulize," nikamwambia. "Sasa una karatasi. Nataka kuwaeleza wenzetu kwa nini nilipiga kura ile, na kwamba nilisema uongo juu yako. Nikisema, itakudhuru?"

Akafikiri kweli, nilimwona akifikiri. "Ndege ni Jumatatu," akasema. "Sema."

Nikawakusanya kwenye mstari wa kituo cha kwanza, nikawaambia yote, kwa Kiarabu kisha kwa Kiingereza: mlango uliofungwa, hurubu, kioo cha duka, na yale makosa mawili niliyoyatunga. Wale wauguzi wawili waliokuwa garini siku ya kizuizi walishika midomo. Mmoja wao akaanza kulia. Akamwendea mdakaji akamkumbatia, wakaja na wengine, mpaka akawa haonekani.

Nilipomaliza alikuwa ameshavaa kinyago. "Sawa, Mwalimu," akasema. "Tucheze, jua linapanda."

Sikumpeleka uwanja wa ndege. Walimpeleka wenzake wa Ghulail. Jumatatu aliniandikia ujumbe mfupi kwamba amepita ukaguzi, na kwamba yule msichana mpya wa kudaka nimfundishe kutofunga macho. Tangu hapo huandikiana mara moja moja, habari za mama, habari za mvua za kwao. Kuhusu Riyadh hatujazungumza tena.

Msimu uliofuata kocha wa Riyadh alileta timu yake Jeddah. Aliponiona akanipa mkono kwa baridi akapita. Nilimfuata mpaka kwenye kivuli cha basi lao, nikamsimulia kila kitu, kwa kuwa kwake ndiko nilikodanganya. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atasema ameelewa, au atasema wapo wengi kama mdakaji wetu, au atanisamehe.

"Bado nasema alistahili yeye," akasema.

"Na mimi nasema hivyo," nikamjibu.

"Basi ilikuwa kura tatu kwa hakika," akasema, "maana yule mzee wa maduka ningemgeuza." Akachukua mfuko wake wa mipira akaenda kuwapasha moto wachezaji wake. Nikarudi upande wetu, ambako mdakaji mpya alikuwa anahangaika na mikanda ya ngao, nikapiga magoti nikamfungia.